Ukifika Iringa, Lala Mara Mbili

Shule zikifungwa mwezi Juni, na tena Desemba, familia nyingi za Dar es Salaam hupakia gari na kushika barabara ya Morogoro kwenda nyumbani: Njombe, Mbeya, Tukuyu, Kyela, Tunduma. Wengi wao wana mtu Iringa. Ni mliyesoma naye, au mliyepanga naye chumba kimoja mlipoanza kazi, au jirani aliyehamishiwa huko miaka ile. Na wengi humpita. Wanasimama Ipogolo, wanajaza mafuta, wanakunywa chai ya haraka, kisha wanapiga simu gari likiwa limeshawashwa: "Tumepita hapo kwenu, ila tumechelewa, tutaonana tukirudi." Wakirudi wanasema hivyo hivyo, na mwaka unakwisha.

Nawashauri mkate safari Iringa na mlale kwa rafiki yenu mara mbili. Usiku wa kufika, kisha siku nzima isiyo na safari, kisha usiku wa pili, na asubuhi yake mwondoke. Kulala mara moja hakutoshi. Anayefika saa moja jioni na kuondoka saa kumi na moja alfajiri ameazima kitanda tu. Mwenyeji amefua mashuka, amepika, amewahamisha watoto wake chumbani, na hajapata hata nusu saa ya kukaa na mgeni wake akiwa na nguvu za kuzungumza. Huyo mgeni angelala gesti, ingekuwa nafuu kwa wote wawili.

Kwanza tuitazame barabara yenyewe. Dar hadi Iringa ni takriban kilomita 500, na aliyezoea kupiga hesabu kwenye karatasi atasema ni safari ya saa sita. Barabarani mambo ni mengine. Kuna foleni ya kutoka mjini na malori yanayojipanga hadi Chalinze. Kuna vijiji vya mwendo wa 50 vinavyofuatana, na trafiki na tochi yake chini ya mwembe. Baada ya Morogoro barabara inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, ambako twiga na nyani huvuka watakapo na anayegonga mnyama hulipishwa. Kisha bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni, kisha Kitonga, ambako unaweza kupanda mlima wote ukiwa nyuma ya lori la Zambia linalotambaa, huna pa kulipitia. Ukifika Iringa baada ya saa tisa au kumi za safari, umekwenda vizuri. Na mbele yako bado kuna kilomita 330 hivi hadi Mbeya.

Wapo wanaozimaliza zote kwa siku moja. Wanaamka saa tisa usiku, na jua linapozama wako kati ya Igawa na Chimala, barabara imenyooka, watoto wamelala, redio inakoroma. Dereva hapo amekaa macho zaidi ya saa kumi na tano. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 1997 matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake huwa umeshuka sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Ukisinzia kwa sekunde nne tu gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Abiria nao wana lao: kukaa kitini zaidi ya saa nne mfululizo huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na hili wajawazito, wazee na waliofanyiwa upasuaji karibuni walichukulie kwa uzito. Kusimama kuchimba dawa porini kwa dakika tano hakulipi deni hilo lote.

Uchovu, basi, ndio unaotaka mlale Iringa. Siku ya pili inatakiwa na rafiki, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, kwa sababu nimeona watu wema wakiiharibu kwa kutojua namna ya kuikaa.

Mambo huanza na simu. Ipigwe wiki moja kabla au zaidi, na isipigwe mkiwa Mikumi. Mwambie mambo ambayo mwenyeji anahitaji kuyajua lakini heshima inamzuia kuuliza: mko wangapi, mtafika lini na saa ngapi, mtalala mara ngapi, na kuna nani asiyekula nini. Kwetu mwenyeji hasemi hapana. Ukimwambia unakuja atajibu, "Karibuni sana, hakuna shida," hata kama mama mkwe wake yuko chumba cha wageni na mshahara haujaingia. Kwa hiyo ni wewe mgeni unayepaswa kumfungulia mlango wa kukataa. Mwandikie hivi: "Dada, tunapita huko Ijumaa jioni. Tuko watano, wawili wakubwa na watoto watatu, na watoto wanalala chini bila taabu. Tungependa kukaa Jumamosi nzima, Jumapili asubuhi tunaondoka. Kama nafasi imebana niambie kabisa, tutachukua gesti mjini na tutakuja kushinda kwako." Sentensi ya mwisho ndiyo inayompa pumzi. Na wala haiharibu mpango. Siku ya kushinda kwa rafiki inaweza kuwa nzuri sana hata mkilala mahali pengine, na mara nyingine huwa nzuri zaidi, kwa kuwa jioni kila mtu anabaki na faragha yake.

Muulize pia ana nini siku hiyo. Huenda Jumamosi ana kikao cha vikoba, mazoezi ya kwaya, au zamu kazini. Mwambie asiahirishe. Aende, nanyi mtabaki mkipika, au utamsindikiza.

Zawadi watu huziwazia njiani, na hapo hukosea. Ukifika Ruaha Mbuyuni utakuta vitunguu vimepangwa kwenye nyavu kando ya barabara, na Ilula kuna matenga ya nyanya, na mkono unakimbilia mfukoni. Kwa mtu wa Iringa hivyo ni vitu vya kila siku. Ni wewe unayepaswa kuvinunua ukirudi Dar. Mpelekee kile ambacho nyanda za juu hazina: nazi zilizokomaa, samaki wa baharini aliyekaangwa vizuri na kufungwa vyema, pweza mkavu, ubuyu, tende, halua ya Zanzibar. Mtu wa Pwani aliyehamia bara anaweza kukaa miezi bila kuonja samaki wa kupaka wa kweli, na ukimshushia nazi sita mlangoni utaona uso wake.

Katika kupakia gari kuna jambo dogo linalookoa muda mwingi. Fungasheni begi moja la Iringa, tofauti na masanduku mengine. Liwe na nguo za siku moja na za kulalia, kandambili, miswaki, taulo, dawa za kila siku, chaja, na sweta kwa kila mtu. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na jioni za Juni na Julai si mchezo. Watoto wa Dar hushuka kwenye gari na kaptula, na mwenyeji anaanza kuhangaika kutafuta majaketi ya wanawe. Masanduku yabaki kwenye gari. Sebule ya watu isigeuke stoo.

Sasa kufika. Anzeni Dar saa kumi na moja alfajiri ili mfike jua likiwa juu. Mwenyeji apewe saa ya kweli: pigeni hesabu yenu, kisha ongezeni saa mbili. Msile chakula kizito Kitonga, maana mtu amewapikia, na hakuna kinachomvunja moyo mpishi kama wageni walioshiba nyama choma ya njiani. Barabara kuu haipiti katikati ya mji, inapita chini, Ipogolo, na mji uko juu kilimani. Pigeni simu hapo ili mwelekezwe kabla giza halijaingia. Mkifika, wazee wa nyumba ndio wa kwanza kuamkiwa. Kama kuna bibi aliyekaa uani akiota jua la mwisho, watoto wote wakampe shikamoo kabla hawajakimbilia kitu kingine. Ukijua "kamwene" ya Kihehe, itoe. Utaona anavyocheka na kukujibu.

Halafu semeni ukweli. Hapa ndipo wengi wanapojiumiza kwa adabu. Wamechoka hadi macho yamekuwa mekundu, lakini wanakaa sebuleni hadi saa sita usiku kwa sababu wanaona aibu kwenda kulala mbele ya mwenyeji. Mwenyeji naye amechoka, anaona aibu kuwaacha. Mwambie rafiki yako tangu mwanzo: "Leo tupe maji ya kuoga na chakula, tutalala mapema. Kesho mchana wote ni wako." Aliyeendesha aoge wa kwanza na alale wa kwanza, na asiulizwe.

Na hiyo kesho isipangiwe ratiba. Shauri hili ndilo gumu zaidi kwa watu wa mjini, kwa sababu tumezoea kwamba siku isiyo na mpango imepotea. Utasikia mmoja anasema, "Kwa kuwa tuko Iringa, twende Ruaha tukaone tembo." Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iko zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Kwenda na kurudi ni siku nyingine nzima ya gari, dereva yuleyule, viti vilevile, na mtarudi usiku mkiwa na vumbi na njaa mkimkuta mwenyeji amekaa peke yake na sufuria. Ruaha inastahili safari yake, ipangieni mwaka mwingine.

Siku inayofaa huenda hivi. Mnaamka mkijisikia kuamka. Chai inanyweka polepole, chai ya Mufindi yenye maziwa, na viazi vitamu au maandazi. Kisha unamfuata rafiki yako kule anakokwenda. Kama ni siku ya soko, nendeni wote Soko Kuu, mbebe kapu, mtembee kati ya mafungu ya njegere, viazi mviringo, maharage na maparachichi, na uyoga kama ni masika. Msikimbie. Soko la mji mdogo lina salamu nyingi. Kila hatua rafiki yako atasimama na mtu, na wewe utatambulishwa, na katika kutambulishwa huko utaanza kuona maisha aliyojijengea tangu mlipoachana. Yule muuza dagaa anamjua kwa jina la mwanawe. Yule mwalimu mstaafu anamuulizia mguu. Haya huwezi kuyapata kwenye simu.

Mkirudi, kaa jikoni. Kama ni mwanaume kaa pia, hakuna anayekufukuza. Shika kigoda, menya vitunguu, ambua njegere, kuna nazi zako. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka kwa urahisi, na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni anaposema jambo zito. Habari za kweli za rafiki hazitoki usiku wa kwanza. Usiku wa kwanza mnapeana salamu: fulani hajambo, fulani ameolewa, fulani ametangulia mbele ya haki. Ni mchana wa pili, baada ya chakula, watoto wako nje na mlango wa jikoni uko wazi, ndipo atakapokuambia kuwa mama yake hamtambui tena, au kwamba kazini wamepunguzwa na hajui ataanzia wapi. Kwa ajili ya saa hiyo ndiyo maana nasema mlale mara mbili. Ikifika, simu yako iwe mbali. Usimkatize kwa kumpa majibu. Usimwambie kwamba fulani yalimpata makubwa zaidi. Muulize anachohitaji, na kama ni kitu unachokiweza, mwambie utakifanya lini.

Yako mambo ya kuacha siku hiyo, na nitayataja wazi. Msilinganishe nyumba yake na ya mtu mwingine, hata kwa kusifu. Msipige picha za ndani kwake na kuzituma kwenye makundi. Msimuulize kwa nini hajajenga, hajaolewa, hajazaa au hajahama. Na kama ni kipindi cha mvua na mtaletewa ulanzi, pombe ya mianzi, ule mtamu wa leo huonekana mwepesi lakini unazidi kuchacha kadiri unavyokaa. Dereva wa kesho aonje kwa heshima na aishie hapo.

Baada ya chakula cha mchana, laleni. Mwili wa binadamu hulegea kati ya saa nane na saa kumi alasiri hata kama umelala vizuri usiku, na usingizi wa nusu saa hapo unamfaa sana dereva. Mwenyeji atafurahi zaidi akiona mnalala kwake bila haya kuliko mkijikaza kwenye makochi.

Mkitaka kutoka jioni, chagueni kimoja tu. Jiwe la Gangilonga liko pale pale mjini, mnapanda kwa dakika chache, na kutoka juu mnauona mji wote na vilima vyake. Kwa watoto wa shule ningechagua Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka mjini, ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa hadi Wajerumani walipoiteka mwaka 1894. Katika makumbusho madogo ya pale kuna fuvu lake. Mkwawa alikufa mwaka 1898 akikataa kutekwa akiwa hai, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaka kirudishwe, lakini kilirudi mwaka 1954. Mtoto aliyelisoma jina hilo darasani akisimama mbele ya fuvu lenyewe huuliza maswali ambayo yatawafikisha Mbeya. Nendeni na mwenyeji wenu. Watu wengi wa Iringa hawajafika Kalenga tangu walipokuwa wanafunzi, na mgeni ndiye anayewapa sababu. Isimila, penye zana za mawe za kale na nguzo ndefu za mchanga zilizochongwa na mvua, msiipelekee siku hii. Iko kilomita 20 hivi kuelekea Mbeya, kwa hiyo mtaipitia mkiondoka.

Sasa niwageukie waliokuja kwa sababu ya ndoa. Urafiki huu ni wa mtu mmoja ndani ya gari. Mwenzake amefuata tu. Mke anakutana na rafiki yake wa bweni, wanacheka majina ya walimu waliokwisha kustaafu, na mume amekaa kwenye kochi anaangalia habari asizozisikia. Au mume na rafiki yake wa jeshini wametoweka tangu asubuhi, na mke ameachwa na mwanamke asiyemjua kabisa, wakitafuta la kuzungumza. Ongeeni jambo hili mapema, kabla ya Morogoro. Aliyefuata apewe ruhusa ya kweli ya kupumzika: alale, asome, atembee mwenyewe hadi mjini. Na yule mwenye rafiki akumbuke kumvuta mwenzake ndani ya hadithi, amweleze huyo Mwalimu wa Hesabu alikuwa nani na kwa nini wanacheka. Usiku marafiki hao wawili waachwe saa moja peke yao. Hiyo saa mwenzi asiionee wivu.

Watoto wapewe sheria kwenye gari. Wasalimie, wale walichopewa, wasifungue friji, waoshe vyombo walivyolia, na wasidai katuni kwenye nyumba ambayo mzee anaangalia taarifa ya habari. Zaidi ya hapo waachwe. Watoto wa mwenyeji watawafundisha njia za mtaani, na miguu iliyokunjwa kilomita 500 inahitaji kukimbia.

Gari nalo lina saa yake, na saa hiyo ni asubuhi ya siku ya mapumziko, injini ikiwa imepoa usiku kucha. Hapo ndipo oili hupimika vizuri, mfuniko wa rejeta hufunguka bila kukuunguza, na upepo wa matairi husomeka sawasawa. Kagueni stepni kama ina upepo, jeki kama ipo, taa zote, na maji ya waipa. Kama Kitonga mlisikia harufu ya kuungua au breki inalia, muulize mwenyeji fundi wake ni nani na mpeleke gari siku hiyohiyo. Ukingoja alfajiri ya kuondoka, fundi hayupo au anafanya haraka. Kazi hii pia inawapa shemeji wawili wasiofahamiana jambo la kufanya pamoja.

Kuhusu gharama, mwenyeji wa watu watano kwa siku mbili ametumia fedha, na rafiki mwema hatakuambia. Usimwekee noti mkononi mbele ya watu. Sokoni lipa wewe, na lipa kabla hajafungua pochi. Nunua umeme wa Luku kwa ajili ya nyumba ile; namba ya mita muulize mwanawe, kisha tuma tokeni kwa simu ya mama yake mkiwa mmeshaondoka. Kama wanapikia gesi, mtungi wa kubadilisha ni zawadi kubwa kuliko keki yoyote. Kwa bibi wa nyumba acha hela ya sukari, umpe mwenyewe kwa mikono miwili. Na kuna mtu ambaye wageni humsahau: dada wa kazi. Ndiye aliyeamka mapema kuwachemshia maji, amefua mashuka na ataosha vyombo vya watu wote mkishaondoka. Mfahamu kwa jina tangu jioni ya kwanza, mshukuru, na mpe chake mkononi mwake mwenyewe.

Kwa wasafiri wa basi, ushauri wote unafaa ila mmoja unaongezeka: kateni tiketi mbili tangu mwanzo, ya Dar hadi Iringa na ya Iringa hadi Mbeya, katika siku mlizochagua. Mkitegemea kudandia basi linalotoka Dar, mnaweza kulikuta limejaa na mkasimama na watoto stendi ya Igumbilo hadi mchana.

Na kama njia yenu ni nyingine, tafuteni Iringa yenu. Anayetoka Dar kwenda Mwanza anaweza kuwa na mtu Dodoma au Singida. Wa Nairobi kwenda Mombasa ana Voi. Bora pawe kabla ya kipande ambacho mwili huanza kuchoka, na pawe kwa mtu ambaye mngemkumbuka hata kama msingekuwa mnapita.

Kuagana kufanyike usiku wa pili. Semeni yote ya shukrani wakati huo, pangeni begi, jazeni mafuta jioni. Asubuhi mwenyeji ataamka saa kumi kupika chapati na mayai ya njiani hata mkimkataza, pokeeni. Msiondoke gizani. Kati ya Iringa na Mafinga ukungu wa asubuhi unaweza kulificha lori zima lililoharibika bila taa, na mkitoka saa moja mwanga ukiwa umetulia, mkapita Isimila kwa saa moja, bado mtaiona Mbeya alasiri. Mtapewa mzigo: debe la viazi, mfuko wa njegere, asali kwenye chupa ya maji, pengine kikapu cha milulu kilichosukwa na wanawake wa Kihehe. Acheni nafasi kwenye buti tangu Dar, kwa sababu kukataa mzigo huo hakuwezekani. Mkifika mwisho wa safari, ujumbe wa kwanza uende Iringa, kabla ya kushusha hata sanduku. Kuna mtu amekuwa akitazama simu tangu mchana.

Wakati wa kurudi hamhitaji kulala tena kwake, isipokuwa mmekubaliana. Mpigie mkiwa Makambako, ashuke Ipogolo mkutane kwa dakika kumi kando ya gari, umpe mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi za Tukuyu, mkumbatiane, mwondoke. Kitonga iteremkeni mchana, gia iwe ndogo tangu kona ya kwanza, na kwa gari la otomatiki sogezeni mkono wa gia hadi L au 2 ili injini ishike mwendo na breki zisiungue. Vitunguu mtavinunua chini, Ruaha Mbuyuni.